Chumba cha Kufulia

Katika chuo cha Mtakatifu Odilia, Iowa,
maabara ya unasihi ni chumba walimofulia watawa.
Bomba la shaba bado lapita darini
na sakafu imeinama kidogo kuelekea katikati,
palipokuwa na tundu la maji machafu.
Viti viwili. Kinasa sauti. Boksi la tishu.
Sista Ludmila akalisogeza boksi kwa ncha ya kiatu,
mbali na mkono wangu.
"Ukimpa upesi," alisema, "unamwambia yatosha, nyamaza."

Saa mbili asubuhi tulikuwa na teolojia,
saa nne takwimu, wastani na mikengeuko yake,
mchana falsafa: nafsi ni nini, inakaa wapi,
Profesa Oosterhuis akiisaka ubaoni kwa chaki
hadi mkono wa koti ukawa mweupe.
Nilikuwa na madaftari matatu ya rangi tatu,
nikidhani ni mambo matatu.

Alhamisi ile zamu ilikuwa yangu na Rosalind Tjaden.
Maagizo: mmoja anasihi, mwingine abuni shida,
ndogo, isiyomuuma, ya kuazima tu,
kama ugomvi wa wanaolala chumba kimoja.
Rosalind akabuni mnada.
Ng'ombe wa maziwa sitini na wawili,
matrekta yamepangwa uani kama watoto wa komunyo ya kwanza,
majirani wakipandisha bei kwa kidole
bila kumtazama baba yake.
Nikasema, "Naelewa."
Baba akashika kamba ya ndama wa mwisho,
akasahau kuiachia, mnunuzi akangoja.
Nikasema, "Naelewa."
Akatazama sakafu, pale inapoinamia,
na hapo akawa ameacha kubuni.

Nilijua. Nani asingejua?
Bomba lilikuwa likigonga, joto likipanda,
nje theluji imemvisha Odilia kofia.
Nami nikafanya nini? Nikanyoosha mguu,
nikalivuta boksi la tishu.
"Naelewa," nikasema, "naelewa kabisa."
Akajipangusa. Akacheka. Akasema muda umeisha.
Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Usiku, maktabani, visikilizio masikioni,
nikaandika kila neno kama tulivyoagizwa,
lake kwa wino wa buluu, langu kwa mweusi.
Ukurasa ukawa mweusi.
Naelewa, mara ishirini na tatu.
Jumatatu Sista aliurudisha bila alama.
Chini, kwa penseli: "Ulielewa nini?"
Na chini zaidi, mwandiko wa mtu aliyesita:
"Mimi nilipoanza, nilisali kwa sauti juu ya wagonjwa
ili nisiwasikie."

Sijui niseme nini kuhusu hilo.
Nimelibandika ndani ya mlango wa kabati.

Rosalind nilimkuta bwaloni na bakuli la supu.
Nilikuja na radhi iliyoandaliwa, aya mbili nzima.
Nikakaa. Akala.
Supu ilipokwisha akasema, akikwangua bakuli tupu,
"Yule ndama aliitwa Dottie."
Basi.

Jumapili baba yangu akapiga simu, dakika nne zake za siku zote:
baridi, bei ya mafuta, padri aliyehubiri mno.
Kisha tukafika pale ambapo huwa nasema haya, lala salama.
Tangu mama azikwe tumekuwa tukipakwepa hapo
kama shimo la njiani, kila mmoja kwa upande wake.
Sikusema.
Nikasikia jokofu lake likinguruma,
kijiko kikigusa kikombe, kikigusa tena,
pumzi za mtu anayepapasa mlango gizani
ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.
Nikahesabu. Nikaacha kuhesabu.
"Bado upo?" akauliza.

Nikapekua yote niliyosoma,
ya Kigiriki, ya takwimu, ya sala.
"Nipo," nikasema.

Nikamsikia akivuta kiti.